Dawa ya Bega na Usingizi wa Mtoto

Kifuniko cha sufuria kilianza kulia gizani. Ti-ti-ti-ti. Kililia juu ya kabati, polepole kwanza, kisha haraka, kama meno ya mtu mwenye homa.

Dative alifumbua macho. Hakuuliza ni nini. Tangu mlima Nyiragongo ulipotema moto, ardhi ya Goma ilikuwa haijatulia. Ilitikisika watu wakila, ikatikisika watu wakisali, ikatikisika watu wakilala. Na kila mara, kile kifuniko ndicho kilichotangulia kutoa habari.

"Tokeni!" alisema Védaste, mume wake. "Igihozo, amuka! Toka inje!"

Igihozo, binti yao wa miaka sita, alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Dative alimchukua Mugisha kwa mkono wa kulia, maana bega lake la kushoto lilikuwa limeumia. Akatoka mbio.

Mugisha alikuwa mtoto mchanga wa majuma matatu. Jina lake lote lilikuwa Habumugisha, lakini nani atamwita mtu mdogo hivyo kwa jina refu hivyo?

Huko nje, mtaa mzima wa Murara ulikuwa umesimama gizani. Watoto walilia kila upande. Mugisha hakulia. Alilala mikononi mwa mama yake, mdomo wazi kidogo, kana kwamba dunia ilikuwa imetulia kama ziwa.

"Wa kwako analala tena?" aliuliza Mama Nsimire, jirani wa upande wa pili wa ua. Alikuwa akimrusharusha mtoto wake begani. "Angalia huyu wangu! Anapiga kelele kama sirène ya mapolisi. Dative, tubadilishane. Wewe kamata huyu, mimi nipe ule mutoto wa mupadri, mukimya kama mu misa."

Watu walicheka, hata katika hofu yao. Dative naye alicheka. Moyoni aliona fahari.

Fahari hiyo ilitoka mbali. Dative alizaliwa Rutshuru. Alipokuwa binti mdogo, uasi ulifika kijijini kwao, na familia yake ikajificha ndani ya shamba la mtama. Askari walipita karibu, viatu vyao vikisikika. Mama yake alimziba mdomo kaka yake mdogo kwa kiganja mpaka machozi yakamtoka yeye mwenyewe. Siku zile, mtoto asiyelia alishukuriwa kama mtu mzima aliyetenda jambo kubwa. Familia nyingi za Goma zimekimbia hivyo, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Zimejifunza kupenda mtoto mkimya.

Igihozo aligusa kisigino cha mdogo wake. Akakifinya kidogo.

"Mama, juu ya nini Mugisha haogope?"

"Ni mutoto muzuri. Umuache alale."

Igihozo aliendelea kumtazama mdogo wake.

*

Bega la Dative liliumia siku ya mlipuko. Tetemeko lilipasua ukuta wa jikoni, na tofali likamwangukia alipokuwa akiinama kumchukua mtoto. Mfupa haukuvunjika, lakini maumivu yalikuwa makali. Hakuweza kukanda unga. Na Dative aliuza beignets, yaani maandazi, kando ya barabara. Bila kukanda unga, hakuna kazi.

Védaste alikuwa na dawa. Alisukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo watu wa Goma hubebea kila kitu. Aliteremka na viazi kutoka Kibumba, akapanda tena na saruji. Wenzake wengi katika kazi hiyo walimeza vidonge vya tramadol ili wasisikie mgongo. Walivinunua bila karatasi ya daktari. Yeye pia alimeza, kwa miaka. Alivificha ndani ya kopo dogo tupu la maziwa ya unga.

"Kunywa hii," alimwambia mkewe. "Itaingia mu bega, utaona."

Dative alimeza. Maumivu yalirudi nyuma. Akafurahi. Jioni akameza tena, na kesho yake tena. Aliangalia sana kopo lile lisifikiwe na watoto. Mugisha hakumpa hata chembe. Alimpa ziwa tu, kama kila mama.

Asubuhi ile, baada ya tetemeko, redio ilitoa amri. Watu wa Murara na mitaa mingine watoke mara moja. Moto ulikuwa ukitembea chini ya ardhi, chini ya mji wenyewe. Watu waelekee Sake.

Védaste alipakia chukudu: godoro, masufuria, gunia la makaa, ndoo. Dative aliketi juu ya jiwe amnyonyeshe mtoto kabla ya safari. Matiti yake yalikuwa magumu na mazito, yamejaa tangu jana. Mugisha alivuta mara mbili, akaacha. Dative akamgonga shavu kwa kidole. Mtoto akavuta mara moja, akalala. Maziwa yalimtiririka kidevuni.

"Hanyonye vizuri," Dative alisema.

"Ni uchovu. Sisi wote tumechoka." Védaste alikuwa akikaza kamba. Akatoa kopo. "Safari ni refu. Leo kunywa mbili."

Dative akameza mbili. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, wakaingia barabarani.

Mama Nsimire alikuwa mbele yao na beseni kichwani. "Mwende vizuri, bandugu!" alipaza sauti. "Mukifika Sake mbele yetu, mutushikie nafasi kivulini!"

*

Barabara ilijaa watu kama maji katika mfereji. Pikipiki, mbuzi, wagonjwa katika viti, wanafunzi wenye magunia. Kila ardhi ilipotikisika watu walipiga yowe moja, kisha wakaongeza mwendo.

Karibu na njiapanda, rafiki mmoja wa Védaste alikuwa amewawekea nafasi kwenye lori. Dereva alikwisha washa injini. "Haraka, Papa Igihozo!" aliita. "Sitangojea mutu!"

Igihozo alikuwa akitembea nyuma ya mama yake. Uso wake ulifikia usawa wa kichwa cha mdogo wake.

"Mama," alisema, "midomo ya Mugisha iko bleu."

Dative alisimama katikati ya watu. Mtu alimgonga begani, hakusikia chochote. Alifungua kitenge na kumleta mtoto mbele. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikakaa. Kikakaa tena. Ndipo kikapanda.

"Mugisha! Mugisha weee!"

Mkono wa mtoto ulianguka kando kama kitambaa kilicholowa. Dative alimfunua kope. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo mno, kama mbegu ya mboga ya lengalenga.

"Panda!" Védaste alimvuta. "Tutamuangalia Sake."

"Sake atafika maiti."

"Dative, volcan inakuja! Hii lori ikienda hatutapata ingine!"

"Iende."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Védaste aliisikia vizuri kuliko injini. Alimtazama mtoto. Ndipo na yeye akaona.

"Kahindo," alisema Dative. "Yuko ku kazi, Katindo. Tangu volcan hajarudi nyumbani."

Kahindo alikuwa muuguzi, mwanamke wa Butembo, mpangaji mwenzao katika ua mmoja kule Murara. Alifanya kazi katika kituo cha afya huko Katindo, na Katindo haikuwa kati ya mitaa iliyoamriwa kuondoka.

Védaste alikata kamba. Godoro likaanguka. Makaa yakamwagika barabarani na watu wakayakanyaga. Akampakia mkewe na watoto juu ya mbao, akainama, akasukuma. Alikuwa amesukuma mizigo mingi maishani mwake. Hakuna uliokuwa mzito kama ule.

"Umuite jina!" alipiga kelele akikimbia. "Umufinye! Asilale!"

Dative aliita. Igihozo alisugua nyayo za mdogo wake kwa vidole gumba vyake vyote viwili. "Mugisha, pumua. Pumua tena. Pumua."

*

Kahindo alimpokea mtoto mlangoni, akakimbia naye ndani. Akamlaza, akamnyoosha kichwa, akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha mpira chenye mfuko wa hewa. Akaubonyeza mfuko taratibu. Kifua kidogo kikapanda.

Hakugeuza uso aliposema: "Mumemupa nini?"

"Maziwa yangu tu," alisema Dative.

"Sirop ya kikohozi? Dawa ya kienyeji?"

"Hapana. Ninaapa."

"Na wewe, mama? Wewe unakunywa dawa gani?"

"Ni ile ya bega tu. Haiko ya mutoto."

Kahindo aligeuka. "Inaitwa namna gani?"

Dative alimtazama mumewe. Védaste alikuwa amesimama ukutani, jasho likimtiririka. Alijua kwamba jibu lilikuwa mfukoni mwake. Akatoa kopo, akalifungua, akaliweka mezani.

"Tramadol," alisema. "Ni yangu. Mimi ndiye nilimupa."

"Asante kwa kusema," Kahindo akajibu. "Sasa najua ninapigana na nini."

Kwenye sanduku la dharura kulikuwa na dawa ya kupinga nguvu ya tramadol. Alivuta kiasi kidogo katika bomba la sindano, akamchoma mtoto pajani. Akaendelea kubonyeza mfuko. Ardhi ikatikisika, chupa zikagongana, hakuna aliyekimbia.

Midomo ya Mugisha ikaanza kurudi rangi yake, kama mkaa unaopulizwa. Akakunja uso. Akavuta pumzi peke yake. Hakulia bado, ila alipiga chafya.

Dative aliketi sakafuni.

"Usifikiri imekwisha," Kahindo alimwambia. "Hii sindano inachoka mapema kuliko tramadol. Ikichoka, usingizi unaweza kurudi. Leo hamuende fasi yoyote. Mutoto akae mbele ya macho yangu."

*

Waliketi kumzunguka mtoto. Kila mara Kahindo aliweka mkono juu ya kifua chake. Dative hakuweza kunyamaza tena.

"Dada Kahindo, unifasirie. Mimi nilikunywa dawa ya bega. Imefika namna gani mu kichwa cha mutoto?"

"Nikuulize kwanza. Ulipomeza kile kidonge, kilijuaje kwamba bega ndiyo inauma?"

Dative alifikiri. "Si kinaona fasi yenye kuuma, kinaenda?"

"Dawa haina macho. Inayeyuka tumboni, inaingia mu damu, na damu inaizungusha mwili wote. Bega, tumbo, kidole cha muguu, kote. Lakini ile tramadol kazi yake kubwa haifanyi mu bega. Inaifanya mu ubongo na mu uti wa mugongo. Bega yako inaendelea kupiga kelele. Dawa inaziba masikio ya ubongo."

"Kwa hiyo bega haikupona," Védaste alisema polepole.

"Hata yako, Papa Igihozo. Mugongo unaharibika, wewe husikie tu."

Védaste aliinamisha kichwa.

"Sasa sikieni," Kahindo aliendelea. "Ubongo si kama mukono. Haupokee kila kitu kinachopita mu damu. Munajua barrière, kule ku mupaka tunavukia kwenda Gisenyi, Rwanda?"

"Nani haijui?" alisema Dative.

"Basi, ubongo iko na barrière yake. Mu mwili, mishipa midogo ya damu iko na nafasi ndogondogo mu kuta zake, vitu vinapenya. Lakini mu ubongo zile kuta zimeshonwa, hakuna nafasi. Dawa nyingi zinafika pale, zinarudishwa. Sukari iko na mulango wake. Uchafu mwingi unabaki inje. Hiyo ndiyo inatulinda."

"Na tramadol inapita na karatasi gani?" aliuliza Védaste.

"Haihitaji karatasi. Inapita mu ukuta wenyewe."

"Ukuta bila tundu?"

Kahindo alianza kutafuta mfano, akasita. Dative alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyokanda unga na kufunga beignets kwa karatasi kila asubuhi.

"Kama karatasi ya beignet," alisema Dative. "Karatasi haina tundu. Lakini mafuta inapenya, inafika ku mikono ya mutu."

"Ee! Ni hiyo!" Kahindo alipiga paja. "Ule ukuta umetengenezwa na mafuta. Kitu kinachopatana na mafuta kinapita ndani yake. Dawa zote za jamaa ya tramadol, codéine, morphine, zinapita hivyo. Ingine inapita haraka, ingine pole, lakini zinapita. Zikifika ndani zinakaa ku viti vyao, maumivu inanyamaza. Matatizo ni kwamba karibu na pale kuna fasi inayoamuru mutu apumue. Dawa ikikuwa nyingi, inanyamazisha hata ile. Mutu analala, na mwili unasahau kupumua."

Dative aliangalia matiti yake yaliyojaa.

"Na maziwa?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Maziwa inatoka mu damu yako, na iko na mafuta. Dawa imeingia. Kwako ilikuwa kidogo. Kwa mutoto wa juma tatu ni mingi. Maini yake bado michanga, haiwezi kuiondoa upesi. Kila akinyonya, dawa mupya inajikusanya juu ya ile ya zamani. Na barrière yake yeye bado haijakomaa."

Dative alifunika uso. "Nilikuwa ninajisifu. Watu walisema mutoto hasumbue, na mimi nikafurahi. Ni mimi nilikuwa ninamulaza."

"Haukujua."

"Sisi kule Rutshuru tulikuwa tunaombea mutoto anyamaze."

"Hata kwetu, Butembo," alisema Kahindo. Sauti yake ilishuka. "Ninajua vizuri. Lakini mutoto muchanga kulia ndiyo kusema kwake. Akilala sana, akishindwa kunyonya, akilegea, akipumua kwa taabu, hiyo haiko utulivu. Ni alama ya hatari. Unamuleta mbio, hata kama volcan iko nyuma yako."

"Sasa sitakunywa dawa tena? Bega itaniua."

"Utakunywa. Kuna paracétamol. Kwa kipimo nitakachokuonyesha, mama mwenye kunyonyesha anaweza kuinywa. Bega tutaifunga na kitenge ipumuzike. Hii maziwa ya leo utaikamua na kuimwaga, mpaka dawa itoke. Mutoto tutamupa ingine kwa kikombe. Nitakuambia saa ya kurudi ku ziwa. Usimwachishe, maziwa yako ni muzuri."

Védaste alilichukua kopo. "Na hii ninatupa mu choo, leo leo."

"Ngoja," Kahindo alimzuia. "Wewe umekunywa kwa miaka. Ukiacha siku moja, mwili utakusumbua vibaya, na utairudilia. Tutapunguza pole pole, na docteur atakuangalia. Kopo nitaliweka mimi. Na musikie vizuri: hii dawa si shetani. Ku hôpital, mutu amepasuliwa, ama amevunjika, daktari anamupimia, anamuchunga, inamusaidia sana. Ubaya ni kuinunua kama karanga na kugawana nyumbani."

"Na kwa wenzangu nitasema nini? Watanicheka. Watasema Védaste amekuwa infirmière kama wewe."

"Uwaambie ulisukuma nini leo," alisema Dative.

*

Usingizi ulijaribu kurudi jioni, kama Kahindo alivyosema. Mugisha akalegea tena, na sindano ya pili ikamwamsha. Baada ya hapo hakulegea tena. Lori lile lilikwenda. Godoro halikuonekana. Familia ililala juu ya mkeka katika baraza la kituo, pamoja na watu wengine wengi, na Dative akakamua maziwa yake na kuyamwaga, huku machozi yakimdondoka.

Siku zilipita. Mji haukumezwa. Wakubwa wakaruhusu watu warudi, na Murara ikajaa tena moshi wa makaa na kelele za redio. Bega la Dative lilipona polepole, kwa kupumzishwa. Védaste alipunguza vidonge chini ya macho ya daktari. Kulikuwa na siku alizotetemeka na kutokwa jasho, na siku alizobeba nusu ya mzigo. Wenzake walimcheka kweli. Kisha mmoja, ambaye mke wake alikuwa mjamzito, akamfuata kando na kumwomba amwonyeshe njia ya Katindo.

Mama Nsimire alirudi kutoka Sake, amekonda lakini mdomo ni ule ule. "Mutoto wa mupadri yuko wapi?" aliuliza. Dative akamwambia yote, kuanzia kopo mpaka sindano. Mama Nsimire hakufanya mzaha siku hiyo. Aliingia nyumbani kwake, akatoka na kikaratasi cha vidonge vya codéine alivyopewa na shemeji yake kwa ajili ya meno. Yeye pia alikuwa akinyonyesha.

"Twende wote kwa Kahindo," alisema.

Usiku ule Dative alilala na mtoto kifuani. Alimnyonyesha, na Mugisha akavuta kwa nguvu, akimeza kwa sauti. Védaste alikoroma. Igihozo alijikunja miguuni pao.

Kifuniko cha sufuria kikaanza juu ya kabati. Ti-ti-ti. Tetemeko dogo tu, la kupita.

Dative alishika pumzi. Hakusogea. Alisikiliza.

Gizani, kitu kidogo kikajikunja kifuani pake, kikavuta hewa mpaka chini, na kikaanza kupiga kelele kwa hasira, kelele ambayo ilisikika hata kwa Mama Nsimire ng'ambo ya ua.

Igihozo aliinua kichwa.

"Mama," alisema, "Mugisha analia."